Mtoto Ameachiwa Nini? Kuuhakiki Mji wa Billund na Jirani Zake

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Hatujazoea kuhakiki bustani ya watoto, wala matembezi ya kutwa ya baba, mama na wanao. Twadhani hiyo ni starehe tu, na kwamba starehe haina hoja. Mimi naona sivyo. Mahali palipotengenezwa kwa ajili ya watoto pana mtunzi wake, kama kitabu kilivyo na mtunzi wake. Mtunzi huyo ana maoni kuhusu mtoto ni kiumbe wa namna gani, naye huyaandika maoni hayo kwa njia za miguu, nyua, mashine, vibao na maduka. Mtoto huyasoma kwa mwili wake kabla hajayasoma kwa macho. Basi ni haki yetu sisi tunaolipa kiingilio kuuliza: mtunzi huyu amesema nini?

Nimechagua Billund, mji mdogo ulio katikati ya rasi ya Jutland, nchini Denmark. Binti yangu na mumewe wanaishi mwendo mfupi kutoka hapo, nami nimekaa kwao kiangazi mara mbili. Nilikuwa na wajukuu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 11, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuzunguka nao. Lakini hata bila udugu huo ningeuchagua mji huu. Wakazi wake hawafiki 10,000, na hata hivyo una kiwanja cha ndege kinachoshika nafasi ya pili kwa ukubwa wa shughuli katika nchi nzima, kwa sababu moja tu: watoto. Sijui mji mwingine mdogo kiasi hicho ulioishi kwa mchezo wa watoto kwa muda mrefu namna hiyo.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1916 seremala mmoja, Ole Kirk Kristiansen, alinunua karakana katika kijiji hicho cha wakulima. Mwaka 1932, mdororo wa uchumi ulipokausha kazi za ujenzi, aliuelekeza ufundi wake kwenye vitu vidogo vya mbao, yakiwamo magari na wanyama wa kuchezea. Jina la Lego alilipata kwa kuunganisha maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Mwaka 1958 mwanawe, Godtfred, alisajili uvumbuzi wa kitofali cha plastiki chenye nundu juu na mirija ndani, ambacho hushikamana na mwenziwe na kuachana naye bila gundi wala msumari. Kitofali kilichotengenezwa mwaka huo hushikana na kitofali kilichotoka kiwandani jana. Naam, huo ni uaminifu wa fundi ambao watengenezaji wengi wa vitu vya shule wangefaa kuuiga.

Kabla ya kuingia ndani ya mageti, niseme mizani yangu ni ipi. Sikuitoa nyumbani, nimeiazima kwa Wadenmark wenyewe. Kulikuwa na msanifu wa bustani aliyeitwa C. Th. Sørensen. Alikuwa amebuni viwanja vya watoto, kisha akagundua kwamba watoto waliviacha viwanja vyake vizuri wakaenda kucheza mahali panapojengwa nyumba, kwenye mbao, vifusi na michanga. Badala ya kuwalaumu watoto, aliwasikiliza. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, ulifunguliwa huko Emdrup, katika mji wa Copenhagen, uwanja wa michezo uliotokana na wazo lake. Hapakuwa na bembea iliyopakwa rangi. Palikuwa na mbao, matofali, vipande vya mabati, kamba, na mtu mzima wa kuwaangalia watoto bila kuwatangulia. Baada ya vita, Lady Allen wa Hurtwood aliliona jambo hilo akalipeleka Uingereza, na likaenea.

Hekima ya Emdrup yaweza kufupishwa kwa swali moja: mtoto ameachiwa nini cha kufanya? Hatuulizi ameonyeshwa nini, wala amerushwa juu kiasi gani. Msomaji aliyekua akitengeneza gari la waya na magurudumu ya vifuniko, au mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani, hahitaji kuelezwa zaidi. Sisemi kwamba ufukara ni shule nzuri. Watoto wengi walitengeneza magari ya waya wakiwa na njaa. Nasema tu kwamba mkono wa mtoto una njaa yake mwenyewe, tofauti na ile ya tumbo, na mahali pema pa watoto ni pale panapoilisha.

Sasa tuingie Legoland. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 7 Juni 1968. Chanzo chake ni cha kupendeza: watu walikuwa wakifika kiwandani kwa maelfu kutazama miji midogo na wanyama waliojengwa kwa vitofali, hadi kazi ya kiwanda ikawa inasumbuka. Ndipo Godtfred akaona heri maonyesho yale yatolewe nje, yawe na mahali pake. Kwa hiyo mbegu ya bustani ile haikuwa mashine. Ilikuwa udadisi wa watu waliotaka kuona kitu kinavyotengenezwa.

Mbegu hiyo ingali hai katika sehemu iitwayo Miniland. Hapo pana miji na bandari zilizojengwa kwa vitofali, zenye treni zinazotembea, madaraja yanayoinuka na mashua zinazopita. Mtoto anayesimama kando yake ghafla ni jitu. Anainama, anachungulia dirishani, anahesabu ghorofa, anatafuta mahali mjenzi alipokunja kona. Kila anachokiona kimetengenezwa kwa kitu kile kile alicho nacho ndani ya kopo nyumbani. Hiyo ndiyo nguvu ya Miniland: haimfichi mtoto siri ya kazi. Mjukuu wangu mkubwa alipiga magoti mbele ya kreni moja muda mrefu, kisha akaniambia, "Babu, hii naiweza, ila nitahitaji vitofali vya njano vingi." Mhakiki anaweza kutaka nini zaidi? Kazi imemfanya msomaji atake kuandika.

Napenda pia shule ya udereva ya bustani hiyo, iliyo miongoni mwa vivutio vyake vya zamani. Watoto huendesha vigari vyao wenyewe katika vijia vyenye taa na alama za barabarani, na mwisho hupewa leseni ya mchezo. Kigari hakiendi kwenye reli. Mtoto akikosea anagonga ukingo, akisimama asipostahili anawazuia wenzake. Kuna sheria, kuna uhuru, na kuna matokeo. Walimu wa somo la uraia tungetoa mengi kupata chombo kama hicho.

Ila tukisonga mbele, tunazikuta mashine: vigari vinavyopaa na kushuka kwa kasi, mashua zinazotumbukia majini, minara inayoinua watu na kuwaangusha. Si vibaya, vinafanana na vya bustani nyingine nyingi duniani, na hapo ndipo penye hoja yangu. Mtoto anafungwa mkanda, anapelekwa, anapiga kelele, anafunguliwa. Mwili wake umefanyiwa jambo, wenyewe haukufanya. Na kitofali, ambacho ndicho sababu ya mji huo kujulikana, katika sehemu hizo kimebaki kuwa pambo. Kuna joka la vitofali, lakini mtoto haruhusiwi kuliongezea jino. Tangu mwaka 2005 bustani imekuwa chini ya kampuni ya Merlin ya Uingereza, yenye bustani za starehe katika nchi nyingi, na ni jambo la kawaida kwamba biashara za aina moja huelekea kufanana. Hukumu yangu juu ya Legoland ni kwamba kitabu hiki kina sura mbili bora sana mwanzoni, kisha mtunzi wake ameanza kuandika kama wengine.

Karibu na hapo, pale yalipokuwa makao ya halmashauri ya mji, pamesimama nyumba nyeupe iliyofunguliwa mwaka 2017 na kuitwa Lego House. Ilisanifiwa na ofisi ya Bjarke Ingels, nayo inaonekana kama matofali makubwa yaliyopangwa na mtoto wa jitu. Kwa ndani imegawanywa kwa rangi: nyekundu kwa ubunifu, buluu kwa kufikiri, kijani kwa kushirikiana, njano kwa hisia. Mpango huo unanukia semina ya walimu, nami nikiwa mwalimu wa walimu sikuudharau. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mapaa yake yametengenezwa kama ngazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyapanda bila tiketi. Mtoto wa mfagiaji na mtoto wa meneja hupanda paa lile lile. Katika mji ambao karibu kila kitu cha watoto kinauzwa, hilo si jambo dogo.

Lakini jambo bora katika nyumba hiyo lina ukubwa wa kuenea kiganjani. Mgeni hupewa vitofali sita vyekundu, kila kimoja chenye nundu nane. Sita tu. Mwaka 1974 kampuni ilipiga hesabu ya namna za kuviunganisha ikapata 102,981,500. Baadaye mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen aliona kwamba hesabu hiyo ilihusu minara yenye urefu wa vitofali sita tu, kana kwamba watoto hawajengi kwa upana. Alitumia kompyuta kuhesabu upya, na jibu likawa 915,103,765. Vitofali viwili vina njia 24, vitatu, 1,060, vinne, 119,580. Tazama, msomaji, namba zinavyokimbia! Nimefundisha hesabu za michanganyiko kwa chaki kwa miaka mingi, na sijapata kuwa na mfano unaokaa kiganjani kama huo. Namba hiyo kubwa ni jibu kamili kwa swali langu. Kwa vitofali sita, mtoto ameachiwa mambo zaidi ya milioni 900.

Penye upungufu niseme pia. Katika sehemu kadhaa za nyumba, mtoto hujenga kitu kidogo, samaki kwa mfano, kisha mashine hukipiga picha na samaki huyo huanza kuogelea ndani ya kioo kikubwa. Watoto hushangilia, na si ajabu. Lakini angalia mikono yao wakati huo: imetulia. Mwenye kujenga amegeuka mtazamaji wa kazi yake mwenyewe, na mashine ndiyo inayomaliza sentensi aliyoianza. Aidha, dukani, kama katika maduka yote ya vitofali hivyo duniani, rafu zimejaa maboksi yenye vielelezo vya hatua kwa hatua: weka hiki hapa, kisha hiki, mpaka upate chombo kilichochorwa juu ya boksi. Kufuata maelekezo ni stadi muhimu. Bila hiyo hatungepata wauguzi wala mafundi umeme. Hata hivyo, mtoto aliyemaliza boksi akaliweka kabatini lisiguswe amepata njia 1 kati ya zile milioni 900. Mzazi amnunulie boksi akipenda, ila siku ya pili alibomoe pamoja naye.

Tutoke sasa mjini. Mwendo wa gari usiofika saa moja kuelekea kaskazini mashariki unatufikisha Givskud, bustani ya wanyama iliyoanza mwaka 1969 ikiwa ya simba. Familia huingia na gari lao, hupita polepole kati ya wanyama wanaotembea kwenye majani, na wanapofika kwa simba hufunga vioo. Mtu aliyetoka Tanzania hujikuta na mawazo mengi katika majani hayo mabichi yasiyo na mwiba. Si vema kucheka haraka. Wako watoto wengi Dar es Salaam ambao simba wao wa pekee ni wa kwenye televisheni, na wajukuu zangu wenyewe walimwona simba Denmark kabla ya kumwona Mikumi.

Ninachokosoa ni kwamba simba wa Givskud ameonyeshwa bila majirani. Kule kwetu simba ana jirani mfugaji anayehesabu ng'ombe jioni, na askari wa wanyamapori asiyelala nyumbani kwake. Ukimwondolea simba watu hao, umebaki na picha nzuri. Naye mtoto yuko nyuma ya kioo. Ameachiwa kutazama tu. Kutazama kwa makini ni kazi, sikatai, na mzazi anaweza kuikuza kwa kuuliza: yupi anaongoza, yupi anafuata, kwa nini huyu amelala mbali? Ila kazi hiyo anaileta mzazi. Bustani haikumwandalia.

Mwendo mfupi kutoka Givskud kuna kijiji cha Jelling, kilicho kama kilomita 20 kutoka Billund. Hapo pana vilima viwili vilivyojengwa na watu katika karne ya 10, kanisa jeupe kati yake, na mawe mawili yenye maandishi ya kale ya Kidenmark. Jiwe dogo lilisimamishwa na mfalme Gorm kumkumbuka mkewe Thyra, na lina jina la Denmark. Jiwe kubwa lilisimamishwa na mwana wao, Harald aliyeitwa Jino la Buluu, mnamo mwaka 965, kutangaza kwamba aliitwaa Denmark yote na Norway na kuwafanya Wadenmark Wakristo. Umbo la Kristo lililochongwa juu yake limo hata katika pasi ya kusafiria ya nchi hiyo. UNESCO iliuorodhesha urithi huo mwaka 1994. Mwaka 2011 mtu aliyapaka mawe hayo rangi ya kijani. Yakasafishwa, na sasa yamo ndani ya kioo.

Jelling hapana mashine inayorusha mtu. Kuvipanda vilima hakuna kiingilio, na makumbusho yaliyo mkabala navyo ni ya bure pia. Wachimbaji wa mambo ya kale walipogundua kwamba eneo lote lilizungukwa na boma kubwa la magogo, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 12, hawakujenga boma la bandia. Walisimamisha nguzo nyeupe za zege mahali boma lilipopita, basi. Ukuta wenyewe mtoto anaujenga kichwani. Wajukuu zangu walikwenda kutoka nguzo hadi nguzo wakihesabu hatua, kisha wakabishana ni watu wangapi wangehitajika kukata magogo yote hayo. Nilipowaambia kwamba kilima cha kaskazini kilikutwa na chumba cha kaburi, lakini cha kusini hakikukutwa na kaburi lolote, mdogo aliuliza, "Sasa walikijenga cha nini, Babu?" Wataalamu bado wanabishana juu ya hilo. Mtoto wa miaka 7 alikuwa ameingia katika mjadala wa wataalamu kupitia mlango wake halali. Ongeza hapo kwamba ile Bluetooth inayounganisha simu na spika imepewa jina la mfalme huyu Harald, na alama yake ni herufi mbili za kale za jina lake. Hakuna mtoto mwenye simu atakayesahau somo hilo.

Safari ya mwisho ni ndefu kidogo, kama kilomita 60 kuelekea kusini magharibi, hadi Ribe, mji mkongwe kuliko yote ya Denmark, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 8. Nje ya mji pana kijiji cha Maviking kilichojengwa upya, ambako watoto wanaruhusiwa kushika: upinde, shoka dogo, unga wa mkate. Mjini, bandarini, pana nguzo yenye alama za kimo cha mafuriko ya bahari, ya juu kabisa ikiwa ya mwaka 1634. Mjukuu wangu mkubwa alinyoosha mkono hakuifikia. Nguzo haikumwambia neno, lakini alinyamaza.

Kisha kuna bahari yenyewe, ile inayoitwa Wadden, ambayo sehemu yake ya Denmark iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mimi nimezaliwa Pangani. Maji kupwa na kujaa si habari kwangu. Tofauti ya maji pale ni kama mita moja na nusu hadi mbili, pungufu ya bamvua la kwetu, lakini nchi ni tambarare kiasi kwamba bahari hurudi nyuma ikapotea machoni. Kisiwa cha Mandø hufikiwa kwa mabehewa yanayovutwa na trekta juu ya sakafu ya bahari maji yakiwa yamekupwa. "Babu, bahari imekwenda wapi?" aliuliza yule mdogo, buti zake zikiwa zimenaswa na tope. Nikamjibu kama bibi zetu walivyotujibu: ngoja, utaiona inarudi. Tulifukua minyoo ya mchangani, tukaokota kome na makombe, tukatazama ndege wanaojilisha hapo kabla ya kuendelea na safari za kwenda Afrika. Majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, kwingora huruka jioni kwa maelfu mengi katika nchi hizo za maji hata Wadenmark wanasema jua limekuwa jeusi. Kwa mizani yangu, tope lile ndilo lililoshinda. Mtoto ameachiwa kila kitu, pamoja na wajibu wa kulitazama jedwali la maji, kwa maana bahari haisamehi asiyejua saa yake.

Nimesema hayo mezani kwa binti yangu, naye hakukubali. "Baba," alisema, "mimi nafanya kazi siku tano. Jumamosi nataka watoto wafurahi, si wafundishwe. Na ukiwa kwenye tope na watoto wawili hupumziki hata dakika moja." Ana haki yake. Mashine zinampa mama nafasi ya kukaa kitini na kunywa kahawa, na kilio cha furaha cha mtoto anayeshuka kwa kasi ni furaha ya kweli. Isitoshe, tope lina masharti: gari, mabuti, mara nyingi kiongozi wa kulipwa, na miguu yenye afya. Mtoto wa kiti cha magurudumu atahudumiwa vizuri zaidi kwenye sakafu laini ya Lego House. Kwa hiyo sisemi Legoland iachwe. Nasema isiwe yote. Na sisemi watoto wafundishwe Jumamosi. Kucheza kwa mikono mitupu kwenye tope si kipindi cha darasani. Ndiyo starehe yenyewe, tena ile isiyomalizika geti linapofungwa. Jumapili jioni wajukuu wale hawakuwa wakisimulia mashine. Walikuwa jikoni wakigombania sufuria la kujengea Mandø.

Kuna suala la fedha pia, na halifai kufunikwa. Familia yenye watoto watatu ikilipa viingilio vya siku moja ya Billund huhisi uzito wake hata kwa mishahara ya Denmark. Katika nchi hiyo wapo wageni wa kutoka kwetu, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopokewa kama wakimbizi. Mzazi wa namna hiyo akimwona mwanawe anarudi shule baada ya likizo bila picha ya joka la vitofali, huona haya. Namwambia asione haya. Amchukue mtoto akapande mapaa ya nyumba nyeupe na vilima vya Jelling, akiwa na mkate wake mkobani. Hatakuwa amempa mwanawe makombo ya meza ya wengine, kwa sababu Jelling ni bora kuliko vingi vinavyolipiwa.

Na sisi tuliobaki nyumbani? Njiani kati ya Billund na Ribe upo mji wa Rødding, ambako mwaka 1844 ilifunguliwa shule ya kwanza ya wananchi iliyofuata mawazo ya Grundtvig, shule ya watu wazima wakulima isiyo na mitihani. Mawazo ya shule hizo za nchi za Skandinavia yalifika kwetu mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kama tuliweza kuazima hilo, tunaweza kuazima hata nguzo za zege. Tunawapeleka wanafunzi Kaole, Bagamoyo, kwa basi la kukodi. Wanapanga foleni, wanasikiliza tarehe, wananakili maandishi ya kibao, wanakula maandazi na kurudi. Ripoti inaandikwa kwamba ziara imefanikiwa. Ni wanafunzi wangapi walioachiwa wapime ukuta wa msikiti ule wa kale kwa hatua zao, wabishane mji ulikuwa na watu wangapi, waulize kwa nini bahari iliyokuwa mlangoni sasa iko mbali nyuma ya mikoko? Hilo halihitaji wafadhili. Linahitaji mwalimu anyamaze kwa nusu saa na kubeba kamba ya kupimia.

Anayekwenda Billund na watoto nampa mpango huu wa siku tatu. Siku ya kwanza Legoland, aanzie Miniland watoto wakiwa bado na macho mapya, kisha mashine. Siku ya pili vitofali sita asubuhi na Jelling alasiri. Siku ya tatu aamke mapema, atazame kwanza saa za maji, ndipo aende Ribe na mabuti ya mpira. Achukue na nguo za akiba.